Mtu wa Kusimama Chini ya Rwenkende

Kila Jumamosi, jumuiya ikishamaliza sala na watu wakishatawanyika kwenda kugeuza kahawa zao kwenye majamvi, Nolasco Rwegoshora alikuwa akitoa mfuko mkubwa wa bluu ndani ya nyumba yake, akiubeba mgongoni na kushika njia ya kupanda kilima cha Rwenkende. Ukimwona kwa mbali ungedhani mtu anahama. Alipita nyuma ya maduka ya Nyakatuntu, pale ambapo siku nyingine zote alikaa barazani na cherehani yake akishona sare za shule, na vijana wa bodaboda hawakumwacha apite bure.

"Fundi, unahamia mbinguni leo?" Huyo ni Jovin, msemaji wao mkuu.

"Upepo ukiruhusu."

"Wiki iliyopita haukuruhusu?"

"Uliruhusu."

"Basi nani alikataa?"

Hapo Nolasco alitabasamu tu na kuendelea na safari. Swali la Jovin lilikuwa na jibu, ila halikuwa jibu la kutoa barabarani.

Juu ya kilima alitandaza majanini kile kitu ambacho watu wote wanakiita parachuti na yeye mwenyewe anakiita bawa. Alipanga kamba zake nyembamba moja moja, akavaa kofia ngumu, akafunga mikanda ya mapajani na ya kifuani, akaivuta kuona kama imeshika. Kisha alisimama akiutazama upepo ukipanda kutoka ziwani na kulaza majani kuelekea kwake, upepo mzuri, wa kumfaa mtu anayetaka kuruka. Halafu alitazama chini. Chini kulikuwa na rweya, ile nchi ya majani matupu isiyo na mgomba wala nyumba, na katikati yake kichuguu kikubwa chekundu. Alitazama pale kwenye kichuguu kwa muda mrefu. Hapakuwa na mtu. Basi alivua kofia, akafungua mikanda, akakunja bawa lake na kulirudisha mfukoni, akashuka.

Aliishi hivyo mwaka mzima, na kiangazi cha pili kikaingia. Wapo waliosema msiba umemgusa kichwa.

Msiba ulikuwa wa Vero, mkewe, Mungu amrehemu. Figo zilimshinda. Manesi wa hospitali ya Nyakahanga walihangaika naye mpaka wakawa wanamwita dada, lakini saa yake ilikuwa imefika. Alizikwa nyuma ya nyumba, ndani ya migomba. Binti yao wa pekee ameolewa Muleba, hupiga simu siku ya Jumapili. Nolasco alibaki na cherehani, sufuria mbili, na mfuko wa bluu, ambao aliuweka kwenye kiti cha Vero ili kile kiti kisimtazame.

Habari za bawa zilianza na kitambaa kilichochanika. Miaka ya nyuma kulikuwa na bwana mmoja wa Bukoba, Cassian, afisa ardhi aliyehamishiwa Rubwera. Alijifunza kuruka huko alikokuwa masomoni, na mwisho wa wiki alikuja Rwenkende na rafiki zake. Siku moja bawa lao lilinasa kwenye miiba, wakaulizia fundi cherehani, wakaelekezwa kwa Nolasco. Nolasco alikishika kile kitambaa kwa vidole, chepesi kama ganda la kitunguu, akawaambia sindano aliyonayo itakitoboa zaidi, wasubiri apate nyembamba. Akakishona kwa uangalifu kama anashona kanzu ya padri. Cassian alipoiona kazi, alisema, "Fundi, njoo uone unakokwenda mshono wako."

Akaenda. Aliona mtu akikimbia hatua chache mteremkoni na ardhi ikamwacha, kimya, bila injini wala kelele. Nolasco alikuwa ameshavuka arobaini, hakuwahi kutamani kitu cha kuonekana na watu. Lakini kile kimya alikitamani.

Cassian hakumrusha. Kwanza alimweka tambarare mwaka mzima, ainue bawa na kulishusha, ainue na kulishusha, kama mtu anayefundisha ndama kutembea kwa kamba. Akamfundisha kwamba upepo ukitoka nyuma ya kilima, mtu anarudi nyumbani hata kama amesafiri kutoka mbali. Kwamba jua la mchana huchemsha hewa kama maji ya ugali, basi subiri jioni lilegee. Kwamba mikanda huguswa kwa mkono, haitazamwi kwa macho. Na kwamba hakuna kuruka bila mtu wa chini.

"Ukiwa kilimani unaujua upepo wa kilimani," alisema Cassian. "Wa chini huujui. Vumbi linaweza kuinuka likizunguka bila kukupa taarifa. Ng'ombe wanaweza kuvuka. Na wewe ukishashuka usawa wa ile mikaratusi ya kando ya rweya, huna pa kurudi."

Mtu wa chini kazi yake ni kusimama wima kwenye kichuguu, mikono juu, ameshika kitambaa cha rangi kali. Kitambaa kinamwonyesha anayeruka upepo unaelekea wapi. Akiwa wima, maana yake njoo. Akishuka chini kwa mwili mzima, maana yake usije, pana hatari, tafuta pengine. Ishara ni ya mwili mzima kwa sababu kutoka juu mikono ya mtu haionekani vizuri. Simu haisaidii, maana anayeruka mikono yake yote miwili iko kwenye kamba.

Cassian alipohamishwa kwenda Dodoma, rafiki zake nao wakaacha kuja. Alimwachia Nolasco bawa lake la zamani na ahadi moja, kwamba hataruka peke yake. Nolasco akaahidi. Akarudi nyumbani akamweleza mkewe. Vero alikuwa anamenya ndizi. Akamenya mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Kukuzuia siwezi. Basi nitakushika."

Ndivyo alivyoiita ile kazi, kushika. Alichukua kipande cha kitenge cha njano kilichobaki kwenye sare za kwaya, na kila Jumamosi jioni alikwenda kwenye kichuguu akamshika mumewe kwa miaka mitatu. Nolasco aliposhuka alimkuta anakunja kitambaa chake, wakasaidiana kukunja bawa, wakarudi nyumbani njia moja. Vero hakuwa msemaji. Mara moja tu alisema, "Hii kazi ya kusimama ni ngumu kuliko unavyodhani." Nolasco akadhani ni miguu. Jumamosi iliyofuata akamletea stuli. Vero alicheka mpaka akafuta machozi. "Stuli, Nolasco? Ya nini kwa mtu asiyeruhusiwa kukaa?"

Baada ya Vero, alijaribu mara moja na Jovin. Jovin alisimama vizuri mpaka simu yake ikalia, abiria wa kwenda Rubwera. Akafunga kitambaa chekundu alichopewa kwenye mti, akachomeka mti kwenye kichuguu, akaondoka na pikipiki yake. Nolasco aliutazama ule mti kutoka angani, akashuka salama, lakini mti haushuki hata ng'ombe wakivuka.

"Fundi, si ulifika?" Jovin alimwuliza kesho yake.

"Nilifika."

"Sasa?"

Hakumwomba tena, wala hakumwomba mwingine. Utamwomba nani, wakati wa kahawa, akuache wewe uruke yeye asimame juani? Jambo lenyewe lilionekana kama la anasa.

Lakini kiangazi hiki kulikuwa na kitu kingine. Kitambaa cha bawa kina umri wake, jua hukila polepole. Cassian alimfundisha kukipima kwa mdomo: bandika midomo kwenye kitambaa, vuta pumzi. Kikiwa kizima hakipitishi kitu. Nolasco alikuwa akikipima kila mwezi, na mwaka huu alianza kuhisi uzi mwembamba wa hewa ukipita. Kwa sasa kilikuwa bado cha kuaminika. Mvua zikianza, kikakaa miezi mingine ndani ya nyumba yenye unyevu, basi. Hakitamfaa mtu anayetaka kurudi nyumbani akiwa mzima. Na bawa jingine hakuwa na pa kulitoa. Kwa hiyo alijua kwamba ama ataruka kabla ya mvua, ama ile siku aliyoshuka kwa ule mti wa Jovin ndiyo ilikuwa mwisho wake.

Hakumwambia mtu. Alipanda, akatandaza, akatazama kichuguu, akakunja, akashuka.

Zamu ya jumuiya ikafika nyumbani kwake. Walisali rozari kwenye baraza, wakanywa uji alioukoroga mwenyewe, wakausifu kwa upole kwa sababu ulikuwa na madonge. Wengine walipoondoka, mwenyekiti wa jumuiya alibaki kukusanya vikombe. Ndiye Adelgunda, anayeitwa Mama Mackrine kwa jina la bintiye mkubwa, mjane wa upande wa pili wa barabara. Aliingia ndani kutafuta pa kuweka vikombe, akauona mfuko.

"Fundi, huyu mgeni wako kwenye kiti hanywi uji?"

"Hana meno."

Adelgunda akacheka, halafu akaacha kucheka. "Hiki kitu unakipandisha na kukishusha. Ni nadhiri?"

"Si nadhiri, Mama Mackrine. Ni kukosa mtu."

"Mtu wa kufanya nini?"

"Kusimama."

"Kusimama tu?"

"Kusimama tu. Na kitambaa."

Akafikiri, vikombe mkononi. "Mimi na mgongo huu Ijumaa Kuu nasimama ibada nzima. Nani amekwambia siwezi kusimama?"

"Watu watasema."

"Watu walianza kusema nilipofiwa na Baba Mackrine na bado hawajamaliza. Waongeze na hili."

Nolasco akageuka kutazama nje, kwenye migomba, ili apate muda wa kuiweka sawa sura yake.

Siku iliyofuata jioni alikwenda naye kwenye rweya akamwonyesha kichuguu, akamweleza habari za vumbi na ng'ombe. Akampa kile kitambaa cha njano, ambacho kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa sandukuni tangu mwenye nacho alipolazwa. Adelgunda alirudia mafundisho kama mtoto wa komunio ya kwanza.

"Nikiwa wima, unakuja. Nikishuka, huji."

"Hata kama nimekaribia sana."

"Hata kama umekaribia. Na nikipiga chafya?"

"Piga umesimama."

"Na nyuki?"

"Nyuki ni hatari. Shuka."

"Vizuri. Nilitaka kujua kama unanipenda angalau kidogo kuliko hilo shuka lako."

Jumamosi ikaja. Upepo ulitoka ziwani, wa kiasi, na jua lilikuwa limeanza kulegea. Nolasco alifunga mikanda akaigusa yote kwa mkono. Alipotazama chini, pale kwenye kichuguu palikuwa na alama ya njano imesimama. Alisali Baba Yetu. Alivuta bawa, likapanda na kujaa hewa juu ya kichwa chake, akalitazama kama limenyooka, akakimbia. Ardhi ikamwacha.

Ule mwaka wote alikuwa amesahau jinsi kunavyonyamaza. Chini aliona majamvi ya kahawa, meusi, yamepangwa nje ya nyumba. Aliona bati la kanisa. Aliona migomba yake na msalaba mweupe ndani yake, mdogo kama njiti, na akautazama mpaka shingo ikakataa. Akiwa na Vero alikuwa akisikia, huko juu, kana kwamba uzi umefungwa kiunoni mwake na mtu anaushika upande wa pili. Sasa uzi ulikuwepo tena, ila mkono ulioushika ulikuwa mwingine, na jambo hilo lilimfariji na kumwumiza pamoja.

Alizunguka mara chache kupunguza kimo, akageuka kuukabili upepo. Njano ilikuwa wima. Kijiani kando ya rweya aliona mzee mmoja akitembea na fimbo yake. Hakuna ng'ombe, hakuna vumbi. Akaanza kushuka. Alipofika usawa wa mikaratusi, ile njano ikaanguka chini.

Hakuuliza kwa nini. Cassian alimfundisha asiulize. Alivuta kamba ya kushoto akageuka kuelekea ziwani, mahali pekee palipokuwa wazi, na kimo kikamwishia kabla hajapita mafunjo. Alivuta kamba zote mbili mpaka mapajani, miguu ikapasua mafunjo, akatumbukia mpaka kiunoni kwenye tope. Bawa likaja polepole likamfunika kichwa kama chandarua. Humo ndani akatafuta vifungo kwa vidole, akavifungua, akasukuma kamba mbali na miguu yake ndipo akatoa kichwa nje.

Adelgunda alikuwa anakuja mbio, kanga imemdondoka. Nyuma yake alikuja yule mzee na fimbo. Alikuwa Gaudiosus, baba mkubwa wa Nolasco, kaka wa marehemu baba yake.

"Fundi, mbona umekwenda huko? Si nilikuwa nimekusimamia?"

"Ulishuka."

"Sikushuka."

"Ulishuka, Mama Mackrine. Niliona. Kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu, upepo ulikuwa..." Akaweka mkono mdomoni. "Nilimsalimu mzee."

Mwanamke aliyelelewa vizuri huku kwetu hamsalimu mzee akiwa amesimama kama mlingoti. Hupiga magoti. Adelgunda alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa mtoto, magoti yenyewe hujikunja kabla hajafikiri.

"Na amenisalimu vizuri sana," alisema Gaudiosus, akimnyooshea Nolasco fimbo ashike atoke topeni. "Kosa liko wapi?"

Nolasco alishika fimbo lakini hakutoka. Alibaki pale tope likimtiririka. "Baba, enzi za Vero ulikuwa ukipita hapa?"

"Kila Jumamosi. Njia ya kwenda kwenye ng'ombe zangu ni hii hii."

"Alikuwa akikusalimu?"

"Alinisalimu amesimama. Mkwe wangu, mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. 'Shikamoo baba, nisamehe, nimeshika mtu.' Nikatazama, simwoni huyo mtu aliyemshika. Mara ya kwanza nikasema labda anaumwa mgongo. Mara ya pili nikajua ni dharau. Sikumwitikia hata siku moja. Ndiyo maana niliacha kula kwenu."

"Nilidhani ni mambo ya mpaka wa shamba."

"Mpaka baba yako aliupanda mwenyewe, mimi nimeshika kamba. Ningenunia mpaka?"

"Hukutazama juu, baba?"

"Mtu wa umri wangu akitembea hutazama miguu yake."

Walivuta bawa kutoka kwenye mafunjo, wakalikamua, mzee akishika ncha moja bila kuombwa, kisha akaenda zake kwenye ng'ombe.

Wiki ile Nolasco alishona bila kuinua uso. Wateja walimwambia vipimo, akaandika, hakutania. Alikumbuka mabakuli ya chakula ambayo Vero alikuwa akimpelekea mzee, yakirudi yamejaa, naye akisema tu, "Mzee hana hamu." Alikumbuka ile stuli. Miaka mitatu mkewe alisimama pale akionekana hana adabu mbele ya baba mkwe, akaulizwa na mawifi, akasemwa kwenye misiba ya watu, na jioni alimsaidia kukunja bawa bila kulitaja. Pengine alijua kwamba akilitaja, Nolasco angeacha kuruka. Na kweli angeacha. Alikwenda kukaa kaburini akitaka kumwambia kitu, akang'oa magugu yaliyokuwepo na yasiyokuwepo, akarudi ndani bila kusema.

Bawa alilianika kivulini mpaka likakauka. Akalipekua mshono kwa mshono, kamba kwa kamba, hakuna kilichokatika. Akabandika mdomo, akavuta pumzi. Hewa ilipita zaidi kidogo kuliko mwanzo. Mara moja lingeweza. Na upande wa Rwanda mawingu yalishaanza kukaa asubuhi nzima bila kuondoka.

Lakini hakwenda kwa Adelgunda. Angemwambia nini? Kwamba awasalimu wazee wa watu akiwa wima, yeye mwenyekiti wa jumuiya, ili fundi cherehani apate kuelea? Mwanamke mmoja alishalipa gharama hiyo. Nolasco aliona ni aibu kuitafutia mtu mwingine. Alipokutana naye kwenye kuteka maji alimsalimu akamwambia kitambaa cha bawa kimechakaa, asisumbuke.

"Kimechakaa au umenuna?"

"Kimechakaa."

"Sawa, fundi," alisema Adelgunda, akajitwisha ndoo yake.

Jumamosi alipanda kama ada. Alitaka kulitandaza juu mara ya mwisho, alione limejaa upepo, kisha alikunje. Jovin hakumtania siku hiyo. Sijui aliona nini usoni mwake, alimwambia tu, "Fundi, upepo mwema."

Alipanga kamba, akavaa, akafunga, kwa mazoea tu. Akatazama chini kwa mazoea. Kwenye kichuguu palikuwa na njano, wima. Ndipo alipokumbuka kwamba kile kitambaa hakuwahi kumdai Adelgunda arudishe.

Nolasco alianza upya. Alifungua kila kifungo akakifunga tena, akagusa kila mkanda, akangoja upepo mara mbili tatu ajue tabia yake. Kisha akakimbia, na ardhi ikamwacha.

Hakukawia juu. Mawingu hayakumruhusu, na kitambaa hakikuwa cha kukijaribu. Alipoanza kuzunguka kushuka, aliona kwenye kijia kile kile mzee anakuja na fimbo yake. Akatazama njano peke yake. Mzee alitembea mpaka ukingo wa rweya. Pale akasimama. Hakuingia. Aliegemea fimbo kwa mikono yote miwili kama mtu anayesubiri ng'ombe wa mwenzake wamalize kuvuka, na Nolasco alipofika usawa wa mikaratusi aliona kitu ambacho hakukitegemea: uso wa baba yake mkubwa umeelekezwa juu, kofia imelalia kisogoni, anamtazama.

Njano haikutikisika. Miguu ya Nolasco ikagusa majani, akakimbia hatua mbili, akasimama. Bawa likalala nyuma yake.

Hapo tu ndipo Gaudiosus alipoingia kwenye rweya. Adelgunda akashusha mikono, akajisugua mabega, akapiga magoti. "Shikamoo baba."

"Inuka, inuka, mama. Nilikuona una mtu mikononi, nikasema ningoje umshushe." Kisha kwa Nolasco, kana kwamba waliachana jana mezani, "Umepika nini?"

"Sijapika, baba."

"Pika. Nakuja kula. Nimesikia maharage yako hayaivi, lakini nina meno manne na muda mwingi."

Adelgunda alikataa kuja, kahawa yake ilikuwa nje na mvua inanukia. Akamrudishia Nolasco kitambaa, kimekunjwa. Wanaume wawili wakarudi njia ile, mzee mbele, Nolasco nyuma na mfuko wake.

Walipofika nyumbani mzee hakuelekea mlangoni. Alizunguka nyuma, akaingia kwenye migomba akitafuta njia kwa fimbo, mpaka kwenye msalaba mweupe. Hakuvua kofia, hakusali kwa sauti. Alisimama pale kama mtu aliyeitwa na anayekumbuka ameitwa lini. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida ya kujibu salamu, "Marahaba."

Akageuka akaenda kukaa ndani. Nolasco aliushusha mfuko sakafuni, maana alikuwa ameshauweka kwenye kiti cha Vero na mzee hakuwa na pa kukaa. Wakala maharage. Hayakuwa yameiva. Mzee alikula yote, akaomba mchuzi kidogo, akazungumza habari za ndama wake, akaondoka kabla mvua haijamkuta.

Mvua ilianza kabla giza halijaingia, ile ya kwanza, inayopiga bati kwa matone makubwa yaliyoachana. Nolasco alilitoa bawa, akabandika midomo kwenye kitambaa, akavuta pumzi. Hewa ikapita bila taabu. Akalikunja vizuri kama siku zote, akaweka kile kitambaa cha njano juu yake, akafunga mfuko. Akausimamisha ukutani. Kiti cha Vero akakiacha kitupu, akakaa mkabala nacho akisikiliza mvua.